Naomba ushauri: mdogo wangu na sindano ya eksosomu

Hamjambo ndugu zangu. Mdogo wangu, niko naye hapa Nyalenda, Kisumu, ana vidonda vya utumbo mpana. Usiku huamka mara nne, tano, choo ni damu na kamasi. Mesalazini, dawa ya kutuliza utumbo, anameza. Sasa kliniki moja inataka kumdunga eksosomu, vile vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli, vikibeba protini na RNA (ujumbe wa kijeni). Vya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, vimetuliza uvimbe wa utumbo kwa panya wa maabara, lakini vya seli zenye uvimbe huweza kuuchochea. Hata Marekani, FDA, mamlaka yao ya dawa, haijaidhinisha dawa yoyote ya eksosomu. Mama ameshatafuta mnunuzi wa ng'ombe ili alipie sindano hiyo! Nimzuieje bila kumvunja moyo? Na kipimo cha kalprotektini ya choo, protini inayoonyesha uvimbe wa utumbo, kinapatikana wapi huku?