Tupeane uzoefu: mshauri wako wa uwekezaji ulimpataje, na analipwa na nani?

Kibubu Kizito (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Nina akiba imekaa benki muda mrefu bila kazi, mfumuko wa bei unaila taratibu. Hisa, hatifungani, mifuko ya pamoja, vyote nimesomasoma, lakini nikifika kwenye kuamua nasita. Nataka mtu anayejua anishike mkono.

Hadi sasa nimeongea na wawili. Wa kwanza alinionyesha grafu inayopanda mwanzo mwisho, haina hata sehemu moja ilipoteleza. Wa pili alinitumia fomu ya kusaini kabla hajaniuliza kama nina deni au nina watu wanaonitegemea. Wote nimewaweka pembeni. Wenye mshauri wa kueleweka, mlimpataje? Mlimuuliza nini? Waliopigwa nao wasione haya. Majina ya makampuni tuyaache.

Hesabu Kwanza
Mkuu, mimi huwa naanza na moja tu: wewe unalipwa na nani? Yupo anayelipwa na mteja, iwe kwa saa, kwa mpango mzima au kwa asilimia ya mali anayokusimamia. Na yupo anayelipwa kamisheni na mwenye bidhaa. Huyu wa pili ni muuzaji, ila kadi yake imeandikwa mshauri.

Alinijia mmoja, nikamuuliza hivyo, akatabasamu: "Kwako ni bure kabisa." Nikaomba waraka wenyewe wa bidhaa, sio kipeperushi. Kumbe ni bima iliyofungwa pamoja na uwekezaji. Kwenye maandishi madogo, makato ya mwanzo yanameza sehemu kubwa ya michango ya mwaka wa kwanza, na ukitoka kabla ya miaka kumi unakatwa tena. Hiyo bure ningeilipa mimi, taratibu, bila kupewa risiti.

Halafu msidharau asilimia 1. Kila 100 ikikua kwa asilimia 7 kwa mwaka, baada ya miaka 25 inakaribia 543. Ikikatwa asilimia 1 kila mwaka ikabaki inakua kwa 6, unapata kama 429. Zaidi ya moja ya tano ya mali yako imeondoka kwenye kitu ulichoambiwa ni kidogo. Sisemi asilipwe. Nasema ujue unachomlipa, na ujumlishe na ada ya mfuko wenyewe, maana hizo ni mbili tofauti na wengi wanakutajia moja.

Mtaka Kidogo
Hesabu Kwanza nimekusoma, ila kamisheni mnaionea. Sisi wenye akiba ndogo nani atakubali kukaa na sisi kwa ada ya saa? Mimi aliyenianzisha ni mtu wa kamisheni, na alinieleza vizuri kuliko yeyote. Uingereza walipiga marufuku kamisheni kwenye ushauri wa uwekezaji kwa watu binafsi mwishoni mwa 2012. Ikawa vizuri kwa uwazi, lakini wenye hela ndogo wengi wakaachwa bila mshauri kwa sababu kuwahudumia hakulipi. Kwangu, anayenionyesha kamisheni yake kwa maandishi ni bora kuliko kukosa mtu kabisa.

Hesabu Kwanza
Hapo kwenye maandishi tuko pamoja. Wa kwangu alisema bure.

Mzee wa Gawio
Vijana, mmeng'ang'ania ada, sawa. Mimi naogopa kitu kingine: hela inakaa wapi?

Mnamkumbuka Bernie Madoff, yule tapeli wa uwekezaji wa Marekani? Alikamatwa Desemba 2008, mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 150. Watu husema "wale wateja hawakuangalia leseni". Leseni ilikuwepo! Kampuni yake ilisajiliwa kama mshauri wa uwekezaji mwaka 2006, na yeye mwenyewe alikuwa mtu mkubwa sokoni. Shida ni kwamba aliyeamua kununua nini, aliyetunza mali na aliyechapa taarifa za akaunti walikuwa nyumba moja. Mteja akipokea karatasi inayosema ana hisa fulani, hakuna mtu wa nje wa kumwuliza kama zipo. Hazikuwepo. Mkaguzi wa hesabu alikuwa kaofisi ka mhasibu mmoja. Na faida zilikuja laini mwezi hadi mwezi, soko lipande lishuke. Mleta mada, hiyo grafu yako isiyoteleza ndiyo ninayoizungumzia.

Mimi nilipotafuta mshauri sharti langu lilikuwa hili: mali itunzwe na benki au mtunza dhamana (kampuni ya kukutunzia hisa na hatifungani zako) asiye ndugu wa kampuni yake, akaunti iwe kwa jina langu, na taarifa nizipate moja kwa moja kutoka kwa mtunzaji. Mshauri nampa ruhusa ya kuagiza manunuzi, sio ya kutoa hela. Mmoja aliniambia "mzee, huo ni usumbufu, tuma tu kwenye akaunti yetu." Nikamshukuru kwa muda wake.

Mama Vipande
Mzee umenena. Naongezea kwenye leseni. Ingia kwenye daftari la mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi yako, tafuta jina la mtu NA jina la kampuni, angalia leseni inaruhusu nini hasa. Kisha piga simu kwa namba iliyoandikwa humo kwenye daftari. Usipige aliyokupa yeye.

Dada yangu alifuatwa na kijana aliyetumia jina la kampuni halali kabisa, namba ya leseni sahihi, nembo hiyo hiyo. Tukapiga simu kwa namba ya daftari: hawamjui. Alikuwa amebakiza hatua ya kutuma tu.

Jirani Mwema
Ngoja nilete na mazuri, maana mtamfanya mleta mada arudishe hela chini ya godoro.

Machi 2020 soko la hisa la Marekani lilikuwa limeporomoka, S&P 500 (fahirisi, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 hivi za huko) ilipoteza karibu asilimia 34 kwa muda wa wiki tano hivi. Nilimpigia mshauri wangu usiku, nataka auze kila kitu. Hakunihutubia. Aliniuliza, "Hela hii unaihitaji lini?" Akafungua karatasi tuliyoandikiana siku ya kwanza: haiguswi kwa miaka kumi, akiba ya dharura ipo pembeni. Akasema, "Hela ni yako, ukisisitiza nitauza. Lala kwanza." Nikalala, kwa shida. Agosti mwaka huo huo fahirisi ikawa imerudi ilipokuwa. Ada zake za miaka yote nahesabu zilijilipa usiku ule.

Kuchagua hisa itakayopaa hawezi, na alinitamkia hivyo mwenyewe kabla sijasaini.

Hesabu Kwanza
Safi, ila kurudi haraka vile ilikuwa bahati. Kilele cha fahirisi hiyo hiyo cha Machi 2000 kilifikiwa tena 2007, soko likaanguka upya, na mpaka 2013 ndipo kikaachwa nyuma kwa kudumu. Kilichokuokoa ni lile swali la lini.

Mama Vipande
Na kile kikaratasi cha siku ya kwanza. Wengi hatuna.

Bado Nipo Nipo
Mimi mshauri wangu ni shemeji. Tupite hapo haraka.

Mzee wa Gawio
😂 Shemeji ana leseni?

Bado Nipo Nipo
Ana gari, mzee.

Kibubu Kizito (mleta mada)
Wadau, nashukuru sana. Narudi na mrejesho. Nimekutana na wa tatu, nimempata kwenye daftari la mamlaka kama Mama Vipande alivyoelekeza. Nikamwuliza analipwa na nani: "Na wewe tu, kwa saa, hii hapa karatasi ya ada." Hela inakaa wapi: kwa benki mtunzaji, jina langu. Nikamwuliza ni lini ushauri wake ulimgharimu mteja, akanisimulia bila kuzunguka.

Kisha yeye ndiye akaanza kuuliza. Kipato, wanaonitegemea, madeni. Nikamtajia ule mkopo wangu wa riba kubwa. Akapiga hesabu, akafunga daftari: hakuna uwekezaji atakaoweza kuniahidi utakaoshinda hiyo riba. Nikalipe mkopo kwanza, nibakize akiba ya dharura, kisha nirudi. Akanitoza ada ya saa moja, na hakuna nilichonunua.

Huyu ndiye, au nimepigwa kistaarabu?

Mzee wa Gawio
Ndiye huyo. Katafute risiti ya mkopo kwanza.