Mrejesho: Kutoka moyo wa ng'ombe hadi wa nyangumi

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kama mtu wa Nairobi mwenye digrii ya fiziolojia ya mifugo anaweza kuhamia kwenye utafiti wa nyangumi. Inawezekana, na kazi kubwa haiko kwenye kupiga mbizi, iko kwenye kusoma mawimbi ya moyo, yaani mchoro wa umeme unaotoka moyo unapopiga.

Utafiti mmoja wa Marekani wa 2019 unaonyesha hilo vizuri. Nyangumi buluu alibandikwa kifaa karibu na pezi la kushoto kwa kutumia fimbo ndefu: kifaa kina vikombe vinne vya mpira vya kunata ngozini, viwili vikiwa na elektrodi (vihisi vya umeme wa moyo). Akizama, moyo ulipiga mara 4 hadi 8 kwa dakika, wakati mwingine 2 tu. Akiibuka, 25 hadi 37. Ajabu kweli! Kikombe kikiteleza, mawimbi huchafuka, kwa hiyo jifunze kuchuja data kwa R au Python (lugha za kuandikia programu za kompyuta). Anzia kwa ng'ombe: gawanya 60 kwa sekunde zilizo kati ya vilele viwili vinavyofuatana vya mawimbi, upate mapigo kwa dakika.

Leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya sayansi ya Kenya) iombwe mapema. Damu ya nyangumi ikivuka mpaka, hata matone, inadai kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini).