Naomba ushauri: nguo nanunua nyingi, za kuvaa sina

Wakuu, habari zenu. Nimehamia Dodoma kikazi, na kila mshahara ukitoka naingia Sabasaba kwenye mitumba, narudi na furushi. Nikifika nyumbani navaa mbili tu! Mimi ni mfupi, mabega mapana, nyonga nazo hazijambo. Suruali ikinienea kiunoni, mapajani inabana. Fundi cherehani wangu anasema nichague inayokaa vizuri nyongani, kiuno atapunguza yeye, maana kuongeza kitambaa ni kazi. Mnamuunga mkono?

Na mashati mnapima vipi pale sokoni bila chumba cha kujaribia? Halafu Juni hii asubuhi baridi na upepo, mchana jua. Kitambaa gani kinafaa ofisini? Bajeti ni elfu hamsini.