Lambo limejaa sato ila hawakui. Tuongeze vifaranga?

Lambo_Misungwi: Wakuu, lambo la kijiji huku Misungwi, kama hekta 2, lilipandwa vifaranga 10,000 wa sato mwaka jana. Samaki wamejaa, ila wengi hawazidi kiganja. Kamati inataka kuongeza 10,000 wengine. Itasaidia?

Mizani: Msiongeze, mkuu. Sato wa bwawani huanza kuzaa akiwa na gramu 30 hadi 50, na kwa joto la maji ya huku jike hurudia baada ya wiki 4 hadi 6. Hao mnaowaona wengi ni watoto na wajukuu wa mliowapanda, wote wanagombea chakula kilekile.

Pimeni kwanza. Vueni 50 bila kuchagua, mpime urefu na uzito wa kila mmoja, kisha mfungue midomo yao, maana jike wa sato hutunza mayai mdomoni. Jike wa sentimita 12 mwenye mayai ya njano mdomoni ni mzazi aliyedumaa, si kifaranga. Kichwa kikubwa na mgongo mwembamba ni njaa. Mkishajua hilo, kokoteni wavu wa macho ya nusu inchi, mtoe wadogo kwa wingi, na mrudie kila mwezi.

Mumi: Naongezea kambale: mmoja kwa sato 10. Awe mdogo kuliko sato mnaotaka wabaki, la sivyo atawala haohao. Magugu ya pembeni myapunguze, vifaranga hujificha humo na kambale hawafikii.

Siku mkipanda tena, chukueni wa gramu 20 kwenda juu. Wa gramu 2 huishia tumboni mwa kambale. Mfuko wa vifaranga uelee lamboni dakika 20, mwingize maji ya lambo kidogo kidogo. Wakimwagwa ghafla hufa siku zinazofuata, wengi huzama chini, nanyi mnahesabu kwamba mmepanda.

Lambo_Misungwi: Asanteni. Hao wadogo tuwamwage ziwani? Samaki huko wamepungua.

Mizani: Hapana kabisa! Ziwa Victoria halikosi watoto, sato huzaa humo wenyewe. Wanaokosekana ni wanaofikia kukua, maana makokoro, nyavu za kukokota, yanakomba mazalia ya ufukweni. Kupandikiza si jambo dogo: sangara aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka ghafla miaka ya 1980, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili anaowala, zikatoweka.

Na mwangalie kama lambo lina ngege, ndugu wa sato aliye wa asili ya ziwa hili. Sato huzaana naye, na ngege halisi sasa amebaki zaidi kwenye malambo na viziwa vidogo. Akiwemo, mwoneni afisa uvuvi kabla ya kupanda chochote. Wadogo mnaowatoa waende kwenye kitoweo, wanaobaki wakaushwe na kusagwa chakula cha kuku.