Eti mtoto mwenye kipaji asubiri mpaka amalize la saba? Huu ni upuuzi!

Wakuu, tuache kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa mfumo wetu wa elimu hapa Tanzania, mtoto mwenye uwezo mkubwa hatambuliki mpaka matokeo ya darasa la saba yatoke. Kabla ya hapo ni msumbufu tu.

Binti yangu yuko darasa la tatu, kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali. Vitabu vya dada yake wa la sita anavimaliza, hesabu anazipiga, na dada akikosea anamsuta. Darasani anamaliza zoezi wenzake bado wanapiga mistari. Mnajua anapewa nini? Chaki, aandike majina ya wapiga kelele! Siku nyingine anasahihisha madaftari ya wenzake. Mwalimu wa darasa simlaumu sana, watoto wamejaa mpaka mlangoni, angefanyaje? Aliyenichefua ni mwalimu mkuu. Nimemfuata kwa adabu zote, ananijibu kama vile nimekwenda kuringa: "Mama, mshukuru Mungu, akifaulu la saba atakwenda sekondari ya vipaji maalumu." Huku mtoto ameanza kugoma. Asubuhi ya shule tumbo linauma, Jumamosi haliumi.

Haya, tuseme anasubiri. Hiyo la saba yenyewe inapima nini? Maswali mengi ni ya kuchagua herufi na kuweka kivuli. Aliyekaririshwa twisheni usiku na mchana anapenya. Yule anayefumua redio mbovu ya babu yake na kuifanya iongee, anaonekana wapi kwenye karatasi ile?

Na huko vipaji maalumu kwenyewe sasa. Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, Tabora mbili, ya wavulana na ya wasichana. Majina makubwa, nayaheshimu, zimetoa watu. Ila mtoto akifika anakuta mtaala uleule na mtihani wa kidato cha nne uleule wa shule ya kata. Wamekusanywa wenye alama za juu, basi, kazi imekwisha. Tena ametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili, ghafla fizikia ni Kiingereza. Hata mwenye akili ya moto anapotea kidato cha kwanza kizima.

Sisi wazazi nasi tumezidi. Baraza la Mitihani, NECTA, walipoacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora mwaka 2023, kila mtu alikuwa na la kusema. Huyu wa darasa la tatu anayekufa kwa kuboreka, nani amemsemea?

Chuo cha ualimu Patandi kule Arusha wanaandaa walimu wa watoto wasioona, wasiosikia, wenye ulemavu wa akili. Safi kabisa, na waongezwe. Nauliza tu: mwalimu wa kawaida amefundishwa wapi kumtambua mtoto aliyewatangulia wenzake, na akishamtambua amfanyie nini?

Sidai jengo wala bajeti ya kutisha. Kipindi cha hesabu aruhusiwe kukaa na darasa la tano, kisha arudi kwa wenzake. Apewe kitabu cha ziada. Mwalimu mkuu awe na mwongozo kutoka wizarani anaoweza kuufuata bila kuogopa mkaguzi. Hilo nalo linahitaji mfadhili?

Na wewe unayejiandaa kuniandikia "mpeleke praiveti", ada utalipa wewe?