Wauza magurudumu "mepesi" ya baiskeli za milimani, mizani yenu mnaiweka wapi?

Wakuu, leo sijaja kuuliza wala kuomba ushauri, nimekuja kulalamika, na uzi utakuwa mrefu kwahiyo mwenye haraka zake apite tu, asije akaanza "fupisha mkuu".

Nina baiskeli ya milimani ya kawaida tu, inchi 29. Magurudumu yaliyokuja nayo mazito balaa, niliyavua kila kitu, tairi, tyubu, kaseti (lile fungu la gia za nyuma), diski za breki, nikayapima yakiwa matupu, pea gramu 2,150. Sasa kila ukiuliza namna ya kupunguza uzito bila kufilisika wajuzi wanakwambia badili magurudumu, ndo sehemu ya kwanza, mengine baadaye. Nikakuta tangazo: "pea gramu 1,750, alumini, spoki nyepesi, inaingia baiskeli zote". Hapo zinaondoka gramu 400 kwa mkupuo na bei yenyewe ya mtu wa kawaida. Nikalipa.

Mzigo umefika nikapima. 1,912.

Nikasema labda mizani imelewa, nikaijaribu na lita moja ya maji, iko sawa kabisa. Kumuandikia muuzaji anajibu eti uzito wa kwenye tangazo ni bila mkanda wa ringi, bila valvu, na "unaweza kupishana kidogo". Kidogo!! We mtu, mkanda sijafunga, valvu bado ziko kwenye kimfuko chake, nimepima gurudumu tupu! Na hata ningeviweka, mkanda na valvu za pea nzima gramu 50 hazifiki. Hizo 162 ni za nani?

Nikaanza kuzitafuta mwenyewe maana hasira ikinishika silali. Picha ya tangazo ukiikuza unahesabu spoki 28 kwa kila gurudumu, nililoletewa lina 32. Spoki 8 za ziada kwa pea pamoja na nati zake hizo ni gramu 50 na ushee. Haya, "spoki nyepesi" maana yake ni zile zilizopunguzwa unene katikati, mwishoni milimita 2.0 katikati 1.8, nikachukua kalipa nikapima, 2.0 huku, 2.0 katikati, 2.0 kule, yaani nondo moja kwa moja. Ile iliyopunguzwa inaokoa kama gramu moja kwa spoki, zidisha mara 64. Alafu nati za spoki waliandika alumini, zilizokuja ni za shaba, tofauti yake ni kama gramu 0.7 kwa kila nati, nazo ziko 64. Jumlisha hapo, 162 yote inaonekana ilipo. Sasa hiyo si "kupishana kidogo", hiyo ni bidhaa nyingine kabisa iliyopigwa stika ile ile! Na wala sisemi spoki 32 na nati za shaba ni mbaya, kwa kweli shaba inadumu kuliko alumini hasa ukitumia ile dawa ya kuziba pancha, lakini si nilichouziwa. Mnapima la maonyesho mnauza la stoo.

Kwahiyo badala ya gramu 400 nimepata 238. Na hapa ndo nataka nigeukie kundi la pili, wajuzi wa humu, nyie ndo mnawapa hawa wauzaji ulaji.

Nani aliwaambia gramu moja kwenye gurudumu ni sawa na gramu kumi kwenye fremu? Kila uzi lazima atokee mmoja wa kuliandika hili kwa kujiamini kabisa. Fizikia yake wala si ngumu: kitu kilicho pembeni kabisa ya gurudumu, yaani tairi, tyubu na ringi, kinasafiri mbele na baiskeli na hapo hapo kinazunguka, kwahiyo nguvu ya kukichomoa kutoka kusimama ni mara mbili ya kitu cha uzito huo huo kilichokaa kwenye fremu. Mara MBILI, na hiyo ni pembeni kabisa, ukija kwenye habu pale katikati hata hiyo mara mbili hakuna. Na ni wakati wa kuongeza mwendo tu, ukishatulia kwenye kilima unapanda kwa mwendo wako ule ule, gramu ni gramu, haijalishi imekaa wapi. Chukulia mtu na baiskeli yake jumla kilo 90, ukitoa hizo gramu 238 kwenye mpando wa saa nzima unaokoa kama sekunde 10. Sekunde kumi jamani, ukisimama kufuta jasho umeshazirudisha.

Sisemi gurudumu jepesi halina raha, linayo, ukitoka kwenye kona ukakanyaga unaisikia baiskeli inaitikia. Lakini kumwambia mtu mwenye bajeti ya kuunga unga aanzie hapo ni kumtuma kwenye mdomo wa mamba.

Maana uzito wenyewe uko kwenye mpira! Tairi zangu za zamani zilikuwa zile za waya wa chuma kwenye ukingo, gramu 870 moja. Nimeweka za kukunjika, ukingo wake ni wa uzi mgumu badala ya waya, 690. Tyubu zilikuwa 210 moja, nimeweka nyembamba za 130. Piga hesabu: 360 za tairi, 160 za tyubu, 520 jumla. Mara mbili na zaidi ya yale magurudumu ya kisanii, kwa pesa ndogo, na yote imetoka pembeni kabisa kule mnakokuimba kila siku, na nimefanya sebuleni kwa pampu na vijiti vya kutolea tairi bila kumpigia fundi. Kwanini hamlisemi hili kwanza? Kwasababu tairi haing'ai kwenye picha?

Na wale wa "weka tyubulesi utatoa nusu kilo", yaani tairi bila tyubu ndani, nao wanyamaze. Dawa ya kuziba kwa tairi la 29 ni mililita 80 mpaka 100, na hiyo dawa ina uzito kama maji tu, ongeza valvu na mkanda, unakuta umetoa tyubu ya 210 umeweka vitu vya 110 au 120. Faida ipo ila ni gramu 90 mpaka 100 kwa gurudumu, na tairi la tyubulesi lenyewe mara nyingi ni zito kuliko lile la tyubu la jina hilo hilo. Tyubulesi weka kwa ajili ya miiba na kuendesha na upepo mdogo, hapo haina mpinzani. Kwa uzito peke yake hizi tyubu mpya za plastiki laini, zile zinazopenya mwanga, zinaishinda, ziko chini ya gramu 100.

Turudi kwa muuzaji wangu maana sijammaliza.

"Inaingia baiskeli zote." Kaka, hakuna gurudumu la baiskeli ya milimani linaloingia baiskeli zote, labda kwenye katuni. Upana wa habu kwa milimita, nyuma kuna 135 ya kufungua haraka, kuna 142 ya ekseli nene, kuna 148 inayoitwa Boost, mbele 100 na 110. Diski kuna za boliti sita na kuna Center Lock, zinazobanwa kwa pete moja katikati. Kaseti ndo usiseme, inakaa kwenye frihabu, lile bomba lenye mbavu kwenye habu ya nyuma, nayo ina aina zake: HG ya Shimano ya siku zote inaishia meno 11, ukitaka gia ya meno 10 lazima XD ya SRAM au Micro Spline ya Shimano, na hazibadilishani. Mimi langu liliingia kwenye fremu, sawa, lakini kaseti yangu ni ya gia 7 na frihabu yao ni ndefu ya gia 8 mpaka 11, inahitaji spesa ya milimita 4.5 nyuma ya kaseti la sivyo inacheza. Spesa haikuwepo kwenye boksi wala haikutajwa popote. Kipete cha milimita 4.5! Nikatafutiwa na fundi kwenye kopo lake la vyuma chakavu.

Spoki nazo zilianza kulia siku ya kwanza tu, pang, pang, nikajua mawe yanaruka, kumbe ni spoki zinajisokotoa. Wanazikaza na mashine haraka haraka, spoki inajipinda badala ya nati kuzunguka vizuri, ukikalia uzito wako ndo inajirudisha na mkazo unapotea. Nikapeleka kwa fundi akagonga moja moja, upande ule ule wa gia, moja inalia ting kali, jirani yake bwii. Upande wa gia na upande wa pili kutofautiana mkazo ni kawaida kwa gurudumu la nyuma, lakini upande mmoja unatakiwa sauti zifanane. Ringi nyingi za alumini zinataka kama kilo 100 mpaka 120 za mvuto upande ulio mkali, zangu zingine hata nusu yake hazikufika. Kuyanyoosha kote huko nimelipia mimi.

Alafu sasa lile lililonifanya nifungue huu uzi. Juzi nimefungua kaseti nisafishe, haitoki. Nati imeshatoka, kaseti imekaa tu. Nikavuta, nikazungusha nyuma na mjeledi wa cheni (kile kifaa cha kushikia gia), nikagonga taratibu na kipande cha mbao gia moja moja mpaka ikaachia, kuangalia frihabu nikachoka. Ni ya alumini laini, na kila gia imejichimbia shimo lake kwenye zile mbavu, ngazi ngazi kuanzia nyuma mpaka mbele, ukipitisha kucha inakwama kila baada ya milimita chache. Ile gia kubwa kabisa ya kupandia mlima ndo imeng'ata kuliko zote, na lazima iwe hivyo kwasababu hapo ndo msokoto unakuwa mkubwa zaidi.

Kaseti za bei mbaya gia kubwa zinakuwa zimebebwa kwenye mkono mmoja wa alumini, nguvu inasambaa kwenye mbavu, frihabu laini inavumilia. Kaseti ya mtu wa bajeti ni vipande vya chuma vyembamba, kila kimoja kinasukuma peke yake mahali pake kama kisu. Kwahiyo mnachukua mtu mnayejua kabisa kaseti yake ni ya chuma cha bei chee, mnamuuzia frihabu ambayo kaseti yake itaitafuna, ili tu muokoe gramu chache pale katikati ya gurudumu ambapo hazimsaidii mtu yeyote kitu chochote! Chuma kingeongeza gramu mia au pungufu ya hapo, nani angelalamika? Lakini tangazo lingesomeka vibaya.

Na kabla hajaja wa "nunua kaboni mkuu", sinunui. Kichwa cha habari ni bajeti.

Wewe unayetaka kupunguza uzito, tairi na tyubu kwanza, magurudumu yasubiri mpaka ya zamani yachoke, na siku ukinunua mwambie muuzaji akupigie picha gurudumu likiwa juu ya mizani, hilo hilo litakalopakiwa, sio la katalogi. Uliza upana wa ndani wa ringi pia, maana njia nyingine ya kudanganya uzito ni kukupa ringi nyembamba ya milimita 19 wakati tairi zako ni pana, utayumba kwenye kona na hutajua kwanini. Na frihabu uliza ni chuma au alumini. Akianza kuzunguka zunguka, ondoka.

Muuzaji wangu najua unapita humu kimya kimya. Ile vocha ya punguzo uliyonitumia ya oda ijayo kaa nayo, oda ijayo haipo. Nataka frihabu ya chuma, spesa ya 4.5, na hela niliyomlipa fundi, na tangazo lako lirekebishwe liandikwe 1,912.