Fibi alikuwa SHEMASI, acheni kutufunga midomo na hilo "mhudumu"!

Wakuu, leo nina hasira mpaka mikono inatetemeka, niacheni niseme.

Jumapili baada ya ibada tulikaa kikao cha kupendekeza mashemasi, watu wakamtaja mama yangu mdogo. Huyu mama mwaka wa 19 huu ndo anaandaa meza ya Bwana, ndo anazunguka kwa wagonjwa na wajane kwa mguu, jua lake mvua yake. Mzee mmoja akasimama, eti Biblia haimjui shemasi mwanamke. Akatajiwa Fibi, yule dada Paulo anayemtaja Warumi 16:1, akafungua, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti: "mhudumu". Akafunga kitabu. "Mnaona? Mhudumu, kama wa hotelini." Na watu wakacheka! Mama mdogo alikuwa anakunja kile kitambaa cheupe cha meza, akaendelea kukunja, hakusema neno.

Sasa sikieni. Kwa Kigiriki pale Paulo kaandika diakonos. Neno hilohilo ndo liko Wafilipi 1:1 na 1 Timotheo 3:8, na huko watafsiri wa Union Version, hii Biblia yetu ya Kiswahili, wameandika mashemasi. Neno moja! Wakiwa wanaume ni cheo, akiwa Fibi ni kubeba sahani. Na Paulo hakuishia hapo, kasema diakonos wa kanisa la Kenkrea, ile bandari ya Korintho, yaani kanisa linalojulikana liko wapi. Halafu nendeni 1 Timotheo 3:11, kwetu imeandikwa "wake zao", hilo "zao" kwenye Kigiriki HALIPO, pale kuna gunaikas tu, neno ambalo ni wanawake na ni wake pia, wameliongeza watafsiri na sisi tunalihubiri kama limeshuka na Paulo.

Najua atakuja mtu aseme diakonos ni mtumishi tu. Sawa, hata walioteka maji kwenye harusi ya Kana (Yohana 2:9) wameitwa hivyo, na hilo shemasi lenyewe limetufikia kupitia Kiarabu kutoka Kisiria, na huko asili yake ni mtumishi vilevile. Basi andikeni mtumishi kote, na wale wa Filipi nao wawe wahudumu wa hotelini, tuone kama kuna mzee atacheka.

Kikao kinaendelea Jumapili ijayo. Mwenye kujua linapopatikana Agano Jipya la Kigiriki lenye Kiswahili pembeni aniambie, hata kama ni bei mbaya nitajichanga, nataka yule mzee aweke kidole chake tena palepale.